Kikuba cha Shangazi Hasina

Gazi,
2 Machi 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza kwa tarehe kama tulivyofunzwa, na sasa naanza kwa ahadi: nitakueleza kila kitu. Hata mambo madogo, hata yale ambayo Bibi akisikia nimeyaandika atasema nakupotezea wakati. Ulipoondoka Januari ulisema kisiwani kwenu hakuna simu ila ile ya dharura, na boti huja mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo nimeona kila barua yangu ni lazima itoshe mwezi mzima.

Bibi hajambo, ila goti. Leo tumefunga siku ya kwanza ya Ramadhani. Wakati wa kufuturu nilitoa sahani tatu kabatini kwa mazoea. Bibi aliitazama ile ya tatu, akaijaza viazi vya nazi, akaniambia niipeleke kwa majirani. 

Baba alikuja Jumatano kutoka Kinango na kuku wawili. Anasema mvua haijawagusa tangu Desemba na wanapanga foleni ya lori la maji. Mkewe, Mama Jumwa, ni mjamzito. Baba alikaa muda wa kikombe kimoja cha chai, akanipima urefu kwa mkono wake mlangoni, akaondoka.

Akina mama wa kitalu cha mikoko wanakusalimu. Bi Subira amesema nikuandikie maneno yake kama yalivyo: "Mwambie Hasina ndege hawana fadhila. Mkoko ukiupanda unakaa, ndege ukimlinda anaruka." Wenzake walicheka, lakini mmoja alijifuta macho kwa ncha ya leso.

Shuleni niko salama. Gredi ya Tisa ina kazi nyingi, na Mwalimu Chirau anayetufunza Kiswahili hataki barua isiyo na mpangilio. Chumba chako nakifungua kila Ijumaa, nafagia, nafunga. Ufunguo nimeuvaa shingoni kwa uzi uleule uliouacha.

Nina swali. Kazi yako hasa ni nini? Bibi huwaambia watu kuwa unalinda ndege, nao huuliza, unawalinda na nani?

Mwanao wa nyumbani,
Mbeyu Tsuma


Kisiwa cha Membe, Ushelisheli,
23 Machi 2025

Mwanangu Mbeyu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama gatini, kisha nikaisoma nimekaa. Nimeona mwandiko wako umenyooka. Msalimie Bibi, umwambie asikae sakafuni muda mrefu, na lile goti alipake mafuta ya moto.

Unauliza ndege wanalindwa na nani. Zamani meli ilileta panya hapa. Panya wakala mayai, wakala makinda, mpaka ndege hawa, membe, wote wakakihama kisiwa. Watu walifanya kazi miaka minne kuwamaliza wale panya. Sasa membe wamerudi, wanataga mchangani, na sisi sita tulioko hapa tunazuia kingine chochote kisiingie: panya, sisimizi, mbegu, hata udongo ulioganda kwenye soli ya kiatu. Asubuhi nahesabu viota. Mchana nina kazi nyingine nyingine. Mimi niliyezoea kupanda mikoko mia moja kwa siku, hapa nikiona mche mgeni naung'oa.

Kwa hiyo, ukitaka kunitumia kitu, usitie chakula, wala tunda, wala mbegu, wala kitu chenye udongo. Kila kinachoshuka kwenye boti hukaguliwa.

Kisiwa nakizunguka kwa miguu kwa saa moja na nusu, maji yakiwa yamekupwa. Yupo mwenzangu mmoja Muislamu, Mbarak, mtu wa Pemba. Ramadhani hii yeye anaadhini na anayeitika ni mimi peke yangu. Anasema nikimkaripia namkumbusha mama yake mdogo, na kwamba hilo si sifa.

Usinihurumie. Sina upweke. Ndege ni wengi mno, wanapiga kelele mchana na usiku, mtu hawezi hata kusikia anachofikiri.

Sahani yangu iacheni kabatini.

Mimi shangazi yako,
Hasina


Gazi,
4 Mei 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Natumai mlipata kitu kitamu. Huku Bibi alipika mahamri, na mimi nilivaa lile gauni lako la kijani. Limenienea.

Barua hii nimeibandika juu ya kifurushi ili wakaguzi waone kilichomo, kama kanuni zenu zinavyotaka. Kilichomo ni leso doti moja, mpya, niliyoinunua dukani Kona ya Musa, nyekundu na nyeupe. Maandishi yake utayasoma mwenyewe, niliyachagua kwa muda mrefu mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua leso au nafanya mtihani. Sikutia chakula, wala tunda, wala mbegu, wala udongo. Leso nimeikung'uta mara tatu.

Bibi hajambo. Baba hajambo. Mama Jumwa amejifungua mtoto wa kiume, anaitwa Ziro. Shuleni tunajiandaa kuchagua masomo ya mwaka ujao. Sina jingine la kuandika hapa juu.

Mwanao wa nyumbani,
Mbeyu


(Barua ya pili, iliyofungwa katika ncha ya leso)

Shangazi,

Hii ni ya macho yako tu. Ile ya juu wataisoma wakaguzi, na sipendi wageni wajue mambo ya nyumba yetu.

Nimekuandikia kuwa Bibi hajambo. Si kweli. Mwezi uliopita alianguka kando ya kisima, akalala siku nne. Baba alikuja, wakazungumza ndani mlango umefungwa. Wameamua kuwa Desemba, nikimaliza mtihani, Bibi na mimi tutahamia Kinango kwa Baba, kwa sababu Bibi hawezi tena kukaa nyumba isiyo na mtu mzima mwenye nguvu. Nyumba atapangishwa Japheth, yule kijana wa bara wa mradi wa mikoko. Bibi amenikataza kukuambia. Alisema, "Kazi ile Hasina ameililia. Akisikia nimeanguka ataiacha, kisha atakaa hapa ananitazama kama mtu niliyemnyang'anya kitu."

Lakini niliahidi kukueleza kila kitu.

Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka miwili. Sauti yake siikumbuki. Ninayemkumbuka akinisuka ni wewe, akinipeleka hospitali Msambweni ni wewe, akinifunza kusoma kwa karatasi za kuhesabia miche ni wewe. Ila wewe ni shangazi, hukunizaa, na una maisha yako. Ndiyo maana sijui kama nina haki ya kuuliza hili.

Mkataba wako unaisha Desemba. Je, utarudi? Ukirudi, Bibi atabaki Gazi, nami nitabaki.

Usipolijibu swali hili nitajua kuwa hutaki kuniumiza, wala sitauliza tena.

Mbeyu


Kisiwa cha Membe,
21 Juni 2025

Mbeyu mwanangu,

Boti inaondoka sasa hivi, nahodha ananipigia honi. Ulichotuma kimefika. Ahsante sana, Mungu akuzidishie. Msalimie Bibi. Nitaandika kwa kituo, nikitulia.

Hasina


Kisiwa cha Membe,
29 Juni 2025

Mwanangu Mbeyu,

Salamu nyingi kwako na kwa Bibi, na hongera kwa Baba na Mama Jumwa kwa huyo Ziro. Barua hii itaondoka na boti ya Julai. Kile kikaratasi nilichokuandikia siku ile kilikuwa kikaratasi cha mwoga. Leo nimekaa nikuandikie ya kweli.

Mkaguzi ni mimi. Sikukuambia kwa sababu niliona ni kazi isiyo na sura nzuri ya kusimuliwa Gazi, mtu aliyesafiri mbali hivi kwenda kupekua mizigo ya watu. Tuna chumba kisicho na dirisha, kuta nyeupe, meza nyeupe, ili chochote kinachotambaa kionekane. Ukaguzi hufanywa na watu wawili, mmoja anafungua na mwingine anashuhudia. Ikionekana mbegu au mdudu hai, mzigo hufungwa papo hapo, hutiwa ndani ya mfuko na kuchomwa. Hakuna kuchambua, hakuna kuokoa kitu.

Kifurushi chako nilikitambua kabla sijasoma jina. Kamba ilikuwa imefungwa fundo la wavuvi wa Gazi. Barua ya juu niliibandua nikaitia mfukoni, kisha nikakata kamba. Leso ilifunguka mkunjo mmoja tu, ikatoka harufu. Asumini, mkadi na rihani. Ulikuwa umenisukia kikuba, Mbeyu. Tangu Januari pua yangu haijui ila chumvi na samadi ya ndege. Mbarak alifumba macho akasema, "Huyo mwanao ametuletea harusi."

Alipofumbua aliona nilichokiona. Sisimizi watatu walikuwa wakitembea kwenye meza nyeupe, na vishada vya rihani vilikuwa vimejaa mbegu.

"Dada Hasina," akasema, "mimi nakwenda kunywa maji. Nikirudi nitakuta ulichoamua."

"Kaa papo hapo. Kanuni inataka watu wawili."

"Kanuni haina pua."

"Wewe unayo, nayo ndiyo inayokuponza. Nipe mfuko."

Nilikifunga, nikakipeleka kwenye pipa, nikakichoma mwenyewe. Leso yote, bila kuyasoma maandishi yake. Mbarak alisimama kando yangu mpaka mwisho. Moshi ulinukia vizuri kwa muda mfupi sana, kisha ukanuka kama moshi wowote.

Usijilaumu. Nilikuandikia usitie mbegu, sikukuandikia usitie kikuba. Nani kwetu anayefikiri kikuba ni mimea? Hata mimi nisingefikiri.

Sasa la mwisho. Wameniomba niongeze miaka miwili. Jibu wanalitaka kwa boti ya Oktoba. Bado sijaamua. Hapa pana jambo moja ninalolipenda ambalo sijamwambia mtu: hakuna anayeniuliza nina watoto wangapi. Kule Msambweni niliulizwa hivyo miaka sita, mpaka mume wangu alipochoka kulisikia jibu langu, akanirudisha kwa mama yangu. Barua zako zinasema nyumbani hakuna neno. Kama lingekuwapo ungeniambia, maana uliniahidi kila kitu.

Shangazi yako,
Hasina


Gazi,
20 Julai 2025

Kwa Shangazi Hasina,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta ukiwa na afya njema.

Nimepokea kikaratasi chako cha tarehe 21 Juni. Nashukuru kujua kuwa nilichotuma kimefika. Nimeelewa, wala sikulaumu. Sitauliza tena, kama nilivyosema.

Bibi ameanza kugawa vyungu. Kile kikubwa cha pilau amempa Bi Subira. Masomo yangu yanaendelea vizuri. Nakutakia kazi njema.

Wako mtiifu,
Mbeyu Tsuma


Gazi,
17 Agosti 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiandika tarehe, na sasa naahidi upya: nitakueleza kila kitu. Safari hii kweli, kwenye karatasi ya juu, asome atakayesoma.

Barua yako ya tarehe 29 Juni imefika Alhamisi. Niliisoma nyuma ya darasa. Nilipofika penye Mbarak na pua nilicheka, na nilipofika penye pipa nilikaa chini kwenye mchanga na sare yangu. Shangazi, ndani ya leso ile ilikuwamo barua nyingine. Niliifunga kwenye ncha, kwa sababu nilidhani wakaguzi ni watu nisiowajua. Imeungua pamoja na leso. Hukuisoma. Na mimi nimekaa tangu Julai nikiamini umeisoma na hukutaka kujibu.

Mwalimu Chirau hutufunza kuandika kila kitu kwanza kwenye daftari la insha, ndipo tunakili. Kwa hiyo barua ile bado ninayo. Nimeinakili yote, imo ndani ya bahasha hii. Karatasi nimezipangusa kwa kitambaa kikavu, moja moja, mezani, mbali na dirisha. Hakuna kikuba. Nilikuwa sijui kuwa rihani ni mmea. Yaani nilijua, maana nimeichuma kwa mkono wangu hapo kando ya bafu, lakini nikishaisuka na asumini haikuwa mmea tena, ilikuwa ni marashi. Nilikianika juu ya bati siku mbili ili kisiozee njiani. Nafikiri sisimizi waliingia hapo.

Isome hiyo ya ndani kwanza, kisha urudi hapa.

Jana nilimwambia Bibi. Alikuwa anachambua mchele.

"Bibi, nilimwandikia Shangazi mambo ya Kinango."

"Nilikukataza."

"Nilimwandikia hata hivyo. Akaichoma."

Aliinua uso. "Hasina amechoma barua yako?"

Nikamsomea yale ya chumba cheupe na sisimizi. Alicheka mpaka akashika goti, akasema, "Mwanangu ni yuleyule. Alipokuwa mdogo alinitia adabu mimi kwa sababu nilikata mkoko wa kuni." Kisha akarudi kuchambua mchele, punje moja moja. Nilidhani amekasirika. Akasema, "Basi mwandikie tena. Mimi sijaona kitu, sijasikia kitu." Baada ya hapo akaniambia nimwombe Bi Subira kile chungu cha pilau, lakini nisimwombe leo.

Japheth alikuja juzi kutazama nyumba. Ni mtu mzuri. Alimwamkia Bibi, "Shikamoo mathe," Bibi akamjibu, "Marahaba, na mimi nina jina." Alipima sebule kwa hatua. Alipofika kwenye chumba chako alishika kitasa, akakuta kimefungwa, akanitazama shingoni. "Funguo si ni hiyo? Nitaihitaji tarehe moja Desemba, sawa?" Nilisema mtungi wa maji unafurika, nikatoka nje. Mtungi ulikuwa mtupu.

Ile sehemu ya Msambweni nimeisoma mara tatu. Sijui mtu mzima hujibiwaje katika jambo kama hilo. Nitakuambia tu lililotokea. Mwezi wa sita tulijaza fomu za shule ya mwaka ujao, na penye jina la mzazi nikaandika Hasina. Mwalimu Chirau alisoma, akauliza, "Huyu ndiye mama yako?" Nikasema ndiyo. "Yuko wapi?" Nikasema yuko kazini. Sijarudi kumsahihisha.

Lakini sitaki urudi kwa kunihurumia. Kinango si pabaya. Mama Jumwa ameniwekea kitanda karibu na dirisha, na Ziro akiniona hutoa ulimi. Maji ni shida, ila nina nguvu za kubeba ndoo. Kama kisiwani umepata mahali ambapo moyo wako haudaiwi jibu na mtu, kaa, uwahesabu membe, nami nitakuandikia kila mwezi kutoka Kinango, na sitaandika tena "wako mtiifu". Ile barua ya Julai ikikufikia, naomba hiyo uichome.

Nimeuliza posta. Barua hii ikienda vizuri itawahi boti ya Septemba, na jibu lako litanifikia kabla ya Desemba. Usisubiri kituo. Nahodha akikupigia honi, mwache apige, neno moja linatosha. Ijumaa nilifagia chumba chako kama kawaida, nikafungua kabati lako kutoa vumbi. Bado lina harufu ya vile vikuba vyako vya zamani. Nikalifunga upesi ili isitoke.

Ufunguo ninao shingoni ninapoandika haya. Tarehe moja Desemba nimpe Japheth, au niendelee kuuvaa?

Mwanao wa nyumbani,
Mbeyu